Rangi Aliyoiona Fundi Boga

Kesi nzima ya kuuawa kwa Chome ilikuwa imesimama juu ya macho ya mtu mmoja, na mtu huyo, mchana ule Inspekta Kache Ziro alipofika kwake Munje, alishindwa kusimama.

Fundi Boga alikuwa ameketi barazani pake, mkono mmoja umeshika nguzo. Aliposikia hodi alitaka kuinuka amlaki mgeni kwa heshima. Alifika nusu. Magoti yakamcheza, kichwa kikamwenda upande, na mjukuu wake Yusra akatoka ndani mbio, akamdaka kwapani na kumrudisha kitini.

"Shikamoo, mzee," Kache alisema, akijitia hakuona kitu.

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi. Ni kisunzi hiki. Nikiinuka tu, ardhi yaniinukia nayo."

"Kimekuanza lini?"

"Ah, maradhi ya uzee hayana tarehe." Akameza mate kwa taabu, kama mtu anayezuia kutapika. "Umekuja kwa habari ya kesho?"

"Nimekuja kwa habari ya kesho."

Kesho yake Mwero, mtuhumiwa, alikuwa apelekwe mahakamani Kwale, asomewe shtaka la kuua. Kache alitazama ng'ambo ya njia. Ghala la mbata, nazi kavu, la marehemu Chome lilikuwa pale pale, limefungwa kwa kufuli ya polisi. Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, Chome alikutwa humo amelala kifudifudi, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani yake mwenyewe. Fundi Boga, aliyekuwa ameketi hapa hapa barazani, alisikia kishindo, akainuka, akamwona mtu akitokea mlango wa ubavuni na kupotelea minazini. Uso hakuuona. Aliona mgongo na nguo. Nguo ya manjano, alisema, na konstebo aliyemwandika akaandika hivyo hivyo: nguo ya manjano.

Kabla jua halijatua alikuwa amekamatwa Mwero, mwendesha bodaboda, na kizibao chake cha reflekta, cha manjano, kikiwa mwilini. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Chome alikuwa amemwita mwizi wa nazi mbele za watu, na Mwero alimjibu kwa maneno yasiyorudika. Polisi walipofika, pikipiki yake ilikuwa imekwisha kuchomwa moto na watu walikuwa wakitafuta kamba. Yeye alisema alikuwa Kombani, amempeleka abiria asiyemjua. Abiria huyo hakupatikana. Tangu hapo mkewe, mwenye mimba kubwa, alikuwa akija kituoni Msambweni kila kukicha na chupa ya chai, akikaa nje kwenye benchi bila kusema na mtu.

"Mtu aliyekata vitambaa miaka thelathini," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Kache, "hawezi kukosea rangi ya nguo. Kamwandae shahidi wako, basi."

Lilikuwa neno la kweli. Hoteli za Diani zilizovalisha wapishi na madobi wao, na shule zilizovalisha watoto, nyingi zilipitia mikononi mwa Fundi Boga. Lakini kizibao cha reflekta hakina mikono, na katika maelezo ya mzee hapakuwa na neno lolote kuhusu mikono, wala urefu, wala kola. Palikuwa na rangi tu. Jambo hilo lilimkera Kache kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Yusra alileta chakula, sahani imefunikwa. Mzee akafunua, akatazama, akaisukuma mbele.

"Mjukuu wangu, nimekwambia mara ngapi usinitilie manjano kwenye wali? Moyo wanichafuka."

"Sikutia, babu."

"Haya. Kiondoe."

Msichana akaichukua sahani bila kubisha. Kache akamwacha mzee na Purity, konstebo aliyekuja naye, yeye mwenyewe akamfuata Yusra mpaka jikoni uani.

"Babu yako hali chakula tangu lini?"

"Anaonja tu, bibi. Tangu mwezi uliopita. Kisha hutapika." Yusra alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, na alisema akitazama mafiga. "Majirani wameanza kusema nampa kitu. Ati nataka nyumba."

"Unampa kitu?"

"La, wallahi."

Darini, juu ya mafiga, palining'inia mizizi mikavu, imefungwa kwa ukindu. Kache akaiteremsha.

"Na hii?"

"Ya mwanamke wa nyumba ya pili hapo, ametoka uzazini. Nachemsha kwangu kwa kuwa kwake hamna kuni."

Kache akainusa, akaitia mfukoni. Kisha akafunua chungu. Wali wa nazi ulikuwa umejaa nusu, umekaukia vizuri, na ulikuwa mweupe kama pamba. Akauchambua kwa mwiko mpaka chini. Hapakuwa na manjano hata chembe. Akadhani mzee amekuwa msumbufu kama wazee wengine wanavyokuwa wakiugua, akafunika chungu.

"Anatumia dawa gani?"

Yusra akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki. "Hizi mbili ni za hospitali, za moyo. Mwaka wa pili sasa. Kidonge hiki kidogo cha kuutia moyo nguvu, na hiki cha kukojoza maji, miguu isivimbe. Hizi hazikumsumbua kamwe. Na hizi hapa," akatoa bahasha ya kaki, "ni za Daktari Kheri, wa duka la dawa pale njia panda. Mwezi uliopita moyo ulimwenda mbio, akaenda kwake, akapewa hizi za kuutuliza. Akaambiwa achanganye na zile za kwanza."

"Hospitali wanajua?"

"Babu alitaka kwenda kliniki, Daktari Kheri akamwambia foleni ni ndefu, asijisumbue. Mtu mwema, bibi. Baada ya mazishi ya Chome alikuja mwenyewe hapa nyumbani. Babu akamweleza kisunzi, naye akasema ni udhaifu wa moyo, basi kile kidogo tukifanye viwili asubuhi na viwili jioni."

"Na kisunzi kikapungua?"

"Kimezidi."

Kache akaushika mfuko ule akarudi nao barazani. Purity, msichana wa bara aliyekuja pwani mwaka uliotangulia, alimsogelea akanong'ona, "Madam, huyu mzee ako sawa kweli? Ameniuliza kama polisi siku hizi tunavaa kofia za manjano. Na hii yangu si ni navy blue na hii sehemu nyeupe tu?"

"Amesema sehemu ipi?"

"Hii nyeupe."

Kache aliketi karibu na Fundi Boga, akatoa maelezo yaliyochapwa, akayaweka pajani pake pamoja na kalamu.

"Mzee, hiki ndicho ulichokisema siku ile. Nataka ukisome taratibu, kisha utie sahihi."

Mzee akavaa miwani. Akaipeleka karatasi mbali, akaileta karibu, akakunja uso.

"Serikali imeanza kuandikia karatasi za manjano?"

Purity akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kache hakucheka. Karatasi ilikuwa nyeupe, mpya, imetolewa kwenye pakiti asubuhi ile.

"Mzee," alisema polepole, "bado una nyuzi zako za kushonea?"

"Fundi huziacha nyuzi? Yusra, lete kopo."

Lilikuwa kopo kubwa la biskuti, limejaa magurudumu ya nyuzi za kila rangi. Kache akalifungua mapajani mwa mzee.

"Nitolee uzi mweupe."

Fundi Boga akaingiza mkono. Kwanza alifanya haraka, kama mtu anayeombwa jambo dogo. Akatoa gurudumu, akalirudisha. Akatoa jingine, akalipeleka juani, akalirudisha. Mkono ukaanza kwenda polepole. Mbele ya macho ya Kache palikuwa na magurudumu matano au sita meupe, na mzee aliyapita yote, akayagusa na kuyaacha.

"Sina mweupe," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hizi zote zimegeuka. Yusra, nani ameziacha juani nyuzi zangu?"

"Babu, hizo ni nyeupe."

Mzee akainua uso, akamtazama mjukuu, akamtazama Kache, kisha akatazama ukuta wa chokaa wa nyumba yake mwenyewe. Akatia mkono kwenye nguzo ili ainuke. Mara hii hakufika hata nusu. Alianguka ubavu, kopo likapinduka, nyuzi zikabingirika mpaka njiani.

Kache akampima mapigo ya mkononi. Alingoja. Akadhani amekosea mahali, akahamisha kidole. Mapigo yalikuwapo, lakini kati ya moja na jingine palikuwa na nafasi ya mtu kusema neno zima.

"Purity, gari. Yusra, chukua dawa zote, usiache hata karatasi."

*

Daktari Maimuna, aliyempokea katika wodi ya dharura, hakuuliza maswali mengi. Aliufungua ule mfuko wa plastiki mezani, akasoma, akafungua bahasha ya kaki, akageuza kidonge kimoja kwenye kiganja, kisha akamgeukia mwuguzi na kuagiza mashine ya kupimia moyo, damu ya kupeleka maabara, na sindano iwekwe tayari. Kache alisimama nje ya pazia. Alisikia mlio wa mashine, polepole, akawa anahesabu nafasi kati ya mlio na mlio.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Shahidi ametia sahihi?"

"Shahidi yuko wodini, afande."

"Atafika Kwale kesho?"

"Sijui kama atafika jioni."

"Yale maelezo ya kwanza yanatosha. Mwero anakwenda mahakamani kesho, awe mzee amepona au hakupona."

Daktari Maimuna alitoka baada ya muda mrefu, amekunja mikono ya koti lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yaliyochoka.

"Moyo umeanza kusikia dawa," alisema. "Kwa sasa yu hai, na tutamkesha. Nani alimpa hizi za bahasha?"

"Mwenye duka la dawa. Ni sumu?"

"Si sumu. Kila kimoja ni dawa nzuri mahali pake. Hiki kidogo ni digoksini. Huutia moyo nguvu na kupunguza mbio zake. Hiki kingine, amiodaroni, nacho hutuliza mapigo. Lakini ukivitumia pamoja, cha pili hukizuia cha kwanza kutoka mwilini, kikarundikana. Kwa hiyo daktari anayevichanganya hupunguza kile cha kwanza, kisha humwita mgonjwa kila mara ampime. Huyu hakupunguziwa. Aliongezewa maradufu. Hapo mapigo hushuka, mtu akashikwa na kisunzi, chakula kikamkinai, akatapika."

"Na macho?"

Daktari akamtazama vizuri. "Nani amekwambia habari za macho?"

"Anasema wali mweupe ni wa manjano. Na karatasi. Na uzi."

"Ndivyo. Digoksini ikizidi, wengine huona kila kitu kimeingia umanjano, hasa vitu vyeupe. Hurudi sawa dawa ikipungua."

"Yaweza kuwa alikuwa akiona hivyo tangu Jumanne ya wiki iliyopita? Kabla hajaongezewa?"

"Kwa vidonge viwili hivyo pamoja, mwezi mzima, yawezekana sana. Lakini siwezi kukuapia siku. Muulize anayempikia na kumfulia."

Yusra alikuwa ameketi chini ukutani, ameukumbatia mtandio wake. Kache akachuchumaa mbele yake.

"Yusra, fikiri vizuri. Mara ya kwanza babu kulalamikia rangi ya kitu chochote ilikuwa lini?"

"Wali, bibi."

"Kabla ya wali."

Msichana akafikiri. "Kanzu," alisema. "Nilimfulia kanzu ya kwendea harusini. Akanigombeza, akasema nimeiunguza kwa sabuni mbaya, imekuwa ya manjano. Nikairudia kuifua, akagomba tena. Nililia siku ile."

"Siku gani?"

"Harusi ilikuwa Jumapili. Ile kabla ya Chome kufa."

Kache akasimama.

Walipomruhusu aingie, Fundi Boga alikuwa macho, nyaya kifuani. Alijaribu kunyanyuka, na Daktari Maimuna akamlaza kwa kiganja kimoja.

"Hapana, mzee. Leo huinuki. Na siku nitakapokuruhusu, utaketi kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, mpaka kichwa kitulie, ndipo usimame. Na dawa usiiache wala usiizidishe kwa kuambiwa na mtu. Kila unachomeza, hata mzizi, uje nacho hapa nikione."

"Nimesikia, daktari." Akamgeukia Kache. "Mwanangu, macho yangu yameniangusha."

"Yalilishwa dawa, mzee. Sasa tuiache rangi kabisa. Sahau rangi. Niambie nguo uliyoiona ilivyoshonwa."

Mzee akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shuka kama vinapima.

"Ndefu. Yafika gotini. Mikono mirefu, imekunjwa kidogo kwenye kiwiko. Mgongoni ina mpasuo, kutoka chini mpaka hapa. Na juu ya mpasuo, usawa wa kiuno, kuna kimkanda kimeshonewa. Si cha kufunga, ni cha pambo, kina kifungo kila upande. Alipokuwa akikimbia mpasuo ulifunguka kama bawa."

"Kizibao cha bodaboda kina mpasuo?"

"Kizibao?" Mzee akafumbua macho. "Nani amesema kizibao?"

"Ndicho walichomkamatia mtu."

"Mimi sikusema kizibao. Yule kijana wenu aliniuliza rangi. Nilipoanza habari ya mshono akaniambia yatosha, mzee, yatosha."

Kache akayaandika maneno hayo. "Swali moja la mwisho. Nguo hiyo uliyonieleza, kama ungeiona nyeupe, ungesema ni nguo gani?"

Fundi Boga alimtazama Daktari Maimuna aliyekuwa amewapa mgongo akisoma mashine, akatazama kimkanda kiunoni mwake, na mpasuo chini yake.

"Koti la daktari," alisema. "Nimeyashona mengi. Laiti ningeliona jeupe, ningelisema siku ile ile." Kisha akamgeukia Kache. "Na huyo mliyemkamata yuko wapi?"

"Seli."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa neno lako moja, na kwa yale mengine tuliyokataa kuyaandika sisi. Pumzika, mzee."

Nje, Kache aliegemea ukuta uliopigwa jua akampigia mkuu wa kituo. Alieleza kwa ufupi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilokuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo hatuna shahidi," alisema.

"Shahidi tunaye. Tumepoteza rangi tu."

"Koti jeupe, Inspekta. Hospitali nzima hapo wamevaa makoti meupe."

"Munje hakuna hospitali, afande. Munje anavaa mtu mmoja, mwenye duka la dawa."

Na alipokuwa akisema hivyo alikumbuka neno aliloambiwa kwenye matanga ya Chome, ambalo wakati ule alilipuuza kama maneno ya matangani. Baya, mdogo wa marehemu, alimwambia kwamba mama yao alifariki mwezi wa Ramadhani kwa kisunzi na kutapika, na kwamba Chome alikuwa ameapa kwenda kumshtaki mtu aliyemtibu. Kache hakuuliza mtu huyo ni nani. Tayari alikuwa na Mwero selini.

"Niletee hilo koti," mkuu alisema, "na Mwero hatakwenda Kwale."

*

Duka la dawa la Kheri lilikuwa safi, lina dirisha la chuma mbele na mlango ubavuni. Kheri mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimekatwa vizuri, shati la buluu limepigwa pasi. Alimfungulia Kache mlango kabla hajabisha.

"Karibu, Inspekta, karibu ndani. Starehe. Nimesikia mzee wetu amezidiwa."

"Ahsante. Amelazwa."

"Inna lillahi. Moyo ule ni mbovu siku nyingi. Nilijitahidi."

"Ndiyo maana nimekuja. Daktari wa hospitali anataka kujua ulimpa nini na kwa nini." Kache aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akatoa kalamu. "Mwezi uliopita ulimpa za kutuliza mapigo."

"Kweli."

"Ukijua anatumia digoksini."

"Watu wengi hutumia zote mbili."

"Na baada ya mazishi ulikwenda mpaka kwake ukamwambia afanye viwili viwili."

"Alikuwa dhaifu. Mimi husaidia watu, Inspekta. Hapa mtu akiugua haanzii hospitali, huanzia kwangu."

"Nimeambiwa. Nimeambiwa wanakuita daktari." Kache akatazama ukutani, kwenye msumari mtupu nyuma ya mlango. "Hata koti lako jeupe, wanasema huvai nguo nyingine ukiwa kazini. Leo nakukuta na shati."

"Joto."

"Liko wapi?"

"Limefuliwa."

"Limeanikwa uani?"

Kheri akatabasamu, akapangusa meza kwa kiganja, ingawa meza haikuwa na vumbi. "Inspekta, mbona mambo ya koti? Siku ile mimi sikuwa na koti kabisa. Uliza mtu yeyote. Na huyo aliyeonekana alikuwa na nguo ya manjano, mzee mwenyewe ameshuhudia."

Kache aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Siku ipi?" aliuliza. "Mimi nimekuja kwa habari ya vidonge."

Nje, Purity alikuwa amekwisha kuzunguka uani. Walisikia mlango wa bati ukilia, kisha ndoo ikiburutwa. Alirudi amevaa glavu, ndoo mkononi, na ndani ya maji ya dawa ya kung'arishia nguo lilikuwa limekunjwa koti. Akaliinua kwa ncha za vidole. Mpasuo wa mgongoni ulifunguka, maji yakachuruzika. Dawa ile ilikuwa imekula kitambaa mpaka kimedhoofika, lakini kwenye mshono wa kimkanda, mahali palipokunjwa mara mbili, palibaki utepe wa rangi ya kutu.

"Liliguswa na ini la mbuzi," Kheri alisema.

"Maabara watatwambia ni mbuzi gani." Kache akasimama. "Chome alikuja kukwambia anakwenda kukushtaki kwa ajili ya mama yake. Au wewe ndiwe uliyemfuata ghalani?"

"Nilikwenda kumsihi," Kheri alisema. Hakuwa akimtazama mtu. "Kumsihi tu. Akasema hata maiti ya mamake itafukuliwa. Alinipa mgongo, akaendelea kupima mbata zake kama mimi si mtu."

Purity akamtia pingu. Kache akatoa simu, akasema maneno machache kwa mkuu wa kituo, na ya mwisho yalikuwa: "Kuna mwanamke kwenye benchi hapo nje ya kituo, afande. Naomba uende mwenyewe ukamwambie."

Walikuwa bado hawajatoka pale watu wawili walipofika dirishani: mwanamke na mama mkwe wake, wameegemeana. Mwanamke alisema kupitia nondo, bila kuona vizuri ndani:

"Daktari, hujambo? Nimemleta mwenyewe leo. Kile kisunzi hakijapoa, na sasa hataki hata uji. Nimempa viwili viwili kama ulivyoniagiza. Au nimwongeze?"

Mzee wa kike alikuwa ameinamisha kichwa, na Kache aliona jinsi alivyokuwa akihema.

Hakungoja. Alitoka kwa mlango wa ubavuni, akamshika yule bibi kwapani, akamketisha chini kwenye kivuli cha ukuta, akambonyeza mkononi na kungoja pigo. Lilikuja. Likachelewa jingine.

"Usimwongeze kitu," alimwambia mwanamke. "Dawa zake unazo hapo?"

"Ninazo, lakini—"

"Zote zije. Purity, tia bibi kwenye gari, mlaze nyuma, nenda naye moja kwa moja kwa Daktari Maimuna. Mwambie ni kama Fundi Boga."

"Na huyu, madam?" Purity alikuwa ametoka nje na Kheri.

Gari lilikuwa moja. Purity alimtazama Kheri, kisha akamtazama bibi aliyekuwa amefumba macho, akaenda kufungua mlango wa nyuma. Yeye, Kache na yule mwanamke wakambeba bibi mpaka garini. Vumbi la gari lilipotua, Kache akafunga dirisha la chuma, akamrudisha Kheri ndani kwa pingu zake, akamketisha kwenye kile kiti cha wagonjwa.

"Wapo wengine uliowachanganyia hivyo?"

Kheri akatazama rafu zake, safu kwa safu, na Kache aliona hesabu ikipita usoni mwake.

"Wapo," alisema.

Kache akaweka simu mezani, tayari imefunguliwa namba ya hospitali.

"Taja. Anza na anayekaa mbali zaidi."